Viraka vya Sakafu ya Mama

Ukitaka kuziba shimo dogo kwenye sakafu ya udongo, kwanza ulifanye shimo kubwa. Watu wa saruji hawalijui hili, na wengi wanaotembea juu ya saruji leo walitambaa juu ya udongo kama mimi, ila wamejisahaulisha. Kingo za shimo huwa zimelegea. Ukijaza udongo mpya bila kuzichimbua, kiraka kitakaa siku mbili tatu kisha kibanduke chote kama ukoko wa ugali. Kwa hiyo unachukua kisu kikuukuu, unachimbua pande zote mpaka ufike pale udongo ulipo mgumu. Unanyunyiza maji. Unajaza udongo mwekundu uliochanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe, unaushindilia kwa kitako cha chupa, unaulainisha kwa kiganja. Shimo lililokuwa na ukubwa wa kikombe linakuwa kiraka cha ukubwa wa sahani.

Mama alinifundisha kazi hiyo Kibera, miaka ya sabini, nikiwa msichana ambaye angependa kufundishwa kitu kingine chochote. Kama ningejua mapema hesabu ile ya kikombe na sahani ingetufikisha wapi, ningekitupa kisu chenyewe chooni.

Tulikuwa tumetoka Magharibi baada ya baba kufariki, mama na mimi, tukimfuata kaka yangu mkubwa aliyekuwa kibarua wa mjengo hapa Nairobi. Yeye ndiye aliyetupangia chumba. Kilikuwa kimoja kati ya vyumba vya udongo vilivyojipanga mstari, si mbali na njia ya reli, mali ya bibi mmoja Mnubi ambaye wapangaji wote tulimwita Nyanya. Alijifunga gurbaba yake, ile nguo ndefu ya wanawake wa kwao, na nyuma ya nyumba yake alifuga ng'ombe wachache. Mavi ya kusiribia sakafu hayakuwa shida basi. Shida ilikuwa kuamka kabla ya wapangaji wengine.

Mama alisiriba chumba kizima kila Jumamosi. Alipiga magoti akaanzia ukuta wa ndani, akarudi kinyumenyume huku mkono wake ukichora nusu duara moja juu ya nyingine, mpaka akatokea mlangoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia hadi pakauke. Jumapili majirani walikwenda kanisani wakapiga ngoma na kuimba. Mama naye alikwenda, lakini mimi nilijua ibada yake ya kweli ilikuwa ile ya Jumamosi.

Kaka alikuwa mrefu kuliko mlango. Kila siku aligonga paji la uso kwenye mbao ya juu, na kila siku aliutukana mlango kana kwamba umeanza leo. Asubuhi kabla ya kutoka alisimama kwenye kona ya mtungi, akiwa amevaa viatu vyake vya akala vya tairi, akachota maji kwa kopo, akanywa wima, na yaliyobaki akayamwaga chini. Pale miguu yake ilipokuwa ikisimama pakaanza kubonyea.

"Unamwaga maji kwani hii nyumba ni shamba?" mama alikuwa akimuuliza.

"Naimwagilia, mama, imee ikuwe ghorofa."

Mama alimtupia chochote kilichokuwa karibu, kitambaa au mwiko, naye akatoka akicheka, akagonga kichwa, akatukana mlango. Ndivyo asubuhi zetu zilivyokuwa. Sikujua kwamba zilikuwa asubuhi nzuri. Mimi niliona ni kelele tu zinazonikatiza usingizi.

Kisha akapata kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori lililokuwa likipeleka bidhaa Uganda. Mama hakuipenda kazi hiyo. Siku hizo habari za kutoka upande ule hazikuwa nzuri, na kila aliyevuka mpaka alirudi na jambo la kusimulia kwa sauti ya chini. Kaka akasema atarudi kabla ugali haujapoa. Asubuhi aliyoondoka alikunywa maji yake, akayamwaga, akaulizwa kama nyumba ni shamba, akagonga kichwa, akatukana mlango, akaenda.

Nilichukua ufagio, maana kufagia ilikuwa kazi yangu. Mama akaninyang'anya.

"Kwani unamfukuza?"

Kwetu mtu akisafiri, hatufagii nyuma yake mpaka ijulikane amefika. Ukifagia nyayo zake umemfagia na mwenyewe. Kwa kawaida ni jambo la siku moja au mbili. Anapita mtu na salamu, "mtoto wenu nimemwona, yuko salama," na hapo unachukua ufagio wako. Kusiriba ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kunazika kabisa alipokanyaga. Nyumba yenye msafiri haisiribwi. Husiribwa yote mtu anapofika, au baada ya matanga, watu wakishatoka kuzika.

Jumamosi ikafika, salamu hazijafika. "Ngoja kwanza," mama akasema, akaenda kuketi nje.

Tukangoja. Malori mengine yakarudi. Dereva mmoja akasema aliliona lori lao ng'ambo ya mpaka, limesimama. Mwingine akasema hapana, lilisimamishwa na wanajeshi. Wa tatu akasema mengine kabisa. Mwenye lori alitupokea mwanzoni kwa heshima na viti, baadaye akawa kila tukienda ametoka. Kila mtu alikuwa na hadithi yake, na hakuna aliyetuletea kaka, mzima wala mfu.

"Hawajasema amekufa," mama alikuwa akisema tukirudi nyumbani. "Wamesema hawajui. Kutojua si kufa."

Na jirani yeyote aliyejaribu kumpa pole, mama alimjibu kwamba pole hutolewa kwenye msiba, na hapa hakuna msiba. Wakajifunza kunyamaza. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja Mjaluo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, ndiye pekee aliyeendelea kuuliza "amekuja?" kila asubuhi akipita, kwa sauti ile ile ambayo mtu huuliza kama mvua itanyesha. Mama alimpenda kwa hilo.

Sakafu ya udongo isiposiribwa inakuwa adui. Vumbi linapanda, viroboto wanaingia, na funza hawana habari na mila ya mtu. Mama alishindana nao kwa muda, kisha akakubali kufagia, polepole, kwa ufagio laini, kama mtu anayemfagilia mgonjwa chini ya kitanda. Lakini kusiriba alikataa, akawaambia na majirani kwamba atasiriba siku moja tu, siku mwanawe atakapofika. Mashimo yakaanza kujitokeza. Miguu ya kitanda ilichimba yake, jiko likachimba yake, na mlangoni maji ya mvua yakala kizingiti. Hapo ndipo akatafuta njia ya katikati, na mimi wakati ule niliona ni akili kubwa.

"Shimo si yeye," akaniambia. "Tutaziba mashimo tu. Pengine pote tutapaacha."

Ndipo aliponipa kile kisu.

Nyanya Mnubi alikuja siku moja na fundi. Alikuwa ameamua kutia saruji vyumba vyote vya mstari wetu. Akaangalia sakafu yetu ya viraka, akatikisa kichwa, akatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa nimechoka na methali, za kwake na za mama, na moyoni niliomba saruji ile ije leo leo. Mama akamtoa nje, wakazungumza karibu na banda la ng'ombe. Sikusikia yote. Nilimwona mama akionyesha kwa kidole kona ya mtungi, ukutani kwa nje, kana kwamba Nyanya anaweza kuona kupitia udongo.

Nyanya alirudi akamwambia fundi, "Hiki chumba ruka. Mimi siwezi kumwagia mtoto wa mtu simiti."

Tukawa chumba pekee cha udongo katika mstari mzima. Watoto wa majirani walitucheka. Nami nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nilimwambia mama mchana mmoja kwamba sakafu haimjui kaka, kwamba udongo ni udongo, na kwamba kama kaka yuko hai atakuja hata tukiweka vigae. Mama akaacha kula. Sijutii, kwa sababu lazima mtu mmoja katika nyumba aseme. Lakini niliumia nilipomwona amefunika sahani yake na kuiweka kando ya ile nyingine, maana kila siku alikuwa akimwekea kaka chakula.

Nikaolewa, nikahamia Kawangware. Chumba chetu kilikuwa na sakafu ya saruji, na asubuhi ya kwanza nilishtuka jinsi ilivyokuwa baridi chini ya nyayo. Nilimwomba mama aje tuishi pamoja. Akanitazama kama niliyepoteza akili.

"Akija akute mlango umefunguliwa na mtu mwingine?"

Basi nikawa naenda mimi. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kukataa kazi, na Nyanya alikuwa ameuza ng'ombe wake kwa sababu nyumba zilikuwa zimejaa mpaka hapakuwa na pa kulishia. Kila Jumamosi nilipitia Riruta, kwa mama mmoja mzee Mkikuyu aliyefuga ng'ombe wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa, akanijazia mkebe mdogo, nikautwika hadi Kibera. Mama aliketi kwenye kigoda chake na mwiko mkononi, akiniongoza kwa mwiko. Hapo ziba. Pale chimbua zaidi, hapajafika penye ugumu. Nikikaribia kona ya mtungi aligonga mwiko kwenye mguu wa kitanda.

"Hapo toka."

"Mama, hapa ndipo pamebonyea kuliko pote."

"Hapo si shimo. Hapo ndipo anaposimama."

Hakusema alipokuwa akisimama. Alisema anaposimama.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine nilipoinuka kunyoosha mgongo nikaitazama sakafu yote kwa mara moja. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, na kwenye mwanga ule kila kiraka kilionyesha ukingo wake. Viraka vilikuwa vimekutana. Cha mlangoni kilikuwa kimegusana na cha jiko, cha jiko kimepanda juu ya cha kitanda, na vingine vilikuwa viraka vya viraka. Sikuona udongo wa zamani mahali popote isipokuwa pale konani. Na hata mjinga angejua kwa nini. Shimo huchimbika pale panapokanyagwa. Pale alipokanyaga kaka sana ndipo tulipoanza kuziba, na kila shimo tulilipanua kwanza kabla ya kulifunika. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilimtazama mama, naye alikuwa akitazama konani, mwiko umelala mapajani. Nikaosha mikono, nikaenda zangu.

Miaka ikaenda. Halafu asubuhi moja, na haikuwa Jumamosi, yule mama wa samaki alisimama mlangoni kwangu Kawangware na beseni lake kichwani. Alikuwa akija kuuza hata huko siku nyingine.

"Mama yako amesema uende leo," akaniambia. "Ubebe mavi ya ng'ombe. Ya nyumba mzima."

"Nyumba mzima?"

"Ndio vile alisema. Nilikuwa napita na samaki yangu, akaniita tu kwa dirisha. Sikuingia."

Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mwishowe yeye akasema polepole, "Si alisema hiyo nyumba atasiriba siku moja tu?"

"Alisema."

"Basi enda mbio, nyathina, mtoto wangu. Mimi nauza hizi ziishe, nakuja."

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilifika Riruta nikiwa na debe, si mkebe. Yule mama mzee wa Kikuyu akaliangalia debe, akaniuliza kama leo nasiriba kanisa.

"Kaka yangu amefika," nikamwambia.

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, kwa mtu ambaye hata hakuwahi kumjua. Akaenda zizini mwenyewe, akarudi na koleo lililojaa, akaniongezea mpaka debe likafurika. "Ngai ni mwema sana," akasema. Akanisaidia kulitwika.

Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Maji ya mavi yalinichuruzika shingoni, sikujali. Nilikuwa nimemwandalia kaka matusi ya miaka yote, nikawa nayapanga yapi yaanze. Ningemtukana kwanza kwa ajili ya mama, kisha kwa ajili ya magoti yangu. Halafu ningemshika. Nilipovuka reli nilianza kukimbia, debe na yote.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Kando yake kulikuwa na vigae vya mtungi, vimekusanywa vizuri, kikubwa chini na vidogo juu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

Kisha akaelewa nilichokuwa nimefikiri. Niliona kikimwingia usoni. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba kwa nukta moja na yeye aligeuka kuangalia njia nyuma yangu.

"Mtungi umepasuka," akasema.

Nikatua debe. Akanionyesha ndani. Mtungi ulikuwa umepasuka alfajiri bila kuguswa na mtu, kama mitungi mizee inavyofanya, na maji yote yalikuwa yamelala konani, kwenye kile kibonyeo. Udongo ulikuwa umegeuka matope. Katikati ya matope palikuwa na alama ya mguu, ndogo, iliyoteleza.

"Ni wangu," mama akasema. "Nilikimbia kuyakinga maji nikakanyaga mwenyewe."

"Tuzibe hapo tu, mama. Pakikauka nitaziba vizuri, hutapajua."

Akatikisa kichwa. Aliitazama sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, na nikajua kwamba ile Jumamosi ya mwanga wa jua aliona kila nilichoona, na pengine aliona miaka mingi kabla yangu.

"Tumeziba mpaka tumemmaliza," akasema. "Lete mavi."

Alikataa nisiribe mimi. Alipiga magoti mwenyewe, akishika kitanda, na nikasikia magoti yakilia. Tulianzia ukuta wa ndani, yeye upande wake na mimi wangu, tukirudi kinyumenyume. Mkono wake haukuwa umesahau. Nusu duara moja juu ya nyingine, sawasawa, kama zile nilizozikuta utotoni. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, makamasi na machozi, na mikono yangu haikuwa ya kupangusia uso.

"Usililie kwenye mavi," akaniambia. "Yatakuwa majimaji."

Tulipofika konani hakupunguza mwendo. Alichukua fungu, akalitandaza juu ya alama ya mguu wake, akalisukuma mpaka pembeni. Ila mkono ulibaki pale kidogo kuliko mahali pengine.

"Ghorofa yake haikumea," akasema.

Tukatokea mlangoni. Nilimwosha mikono, nikamketisha kwenye kigoda, nami nikakaa chini kando yake tungoje pakauke. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Hapo ndipo mama wa samaki alipotokea njiani. Beseni lilikuwa tupu. Alikuja mbio, kwa umri wake na mwili wake, akafika mlangoni, akachungulia ndani, akaona sakafu mbichi ukuta kwa ukuta. Akatupa beseni chini, akapiga vigelegele.

Alivipiga kwa pumzi yake yote. Nilinyoosha mkono nimzuie, nikachelewa. Milango ikafunguliwa mstari mzima. Wanawake wakaja na vitambaa vya jikoni mikononi, wengine wakavidaka vile vigelegele hata kabla ya kujua sababu, maana wote walijua sakafu ile inangoja nini. Nyanya akaja pia, taratibu, gurbaba yake ikiburuzika. "Yuko wapi tumsalimie?" wakauliza. "Ako ndani? Ameenda kuoga?"

Mama alisimama. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Hajafika," akasema. "Tumesiriba tu."

Mama wa samaki aliangalia beseni lake lililolala kifudifudi, akaangalia sakafu, akaangalia mama. Alikuwa mtu wa ziwani. Alijua vizuri kama sisi nyumba husiribwa yote kwa mambo gani mawili. Akavua kitambaa cha kichwa, akakaa chini penye vumbi, akanyoosha miguu mbele yake, kama wanawake wanavyokaa matangani. Mwingine akakaa kando yake. Wakakaa wote. Nyanya alibaki wima, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, dada."

Mama, ambaye alikuwa amewarudishia watu pole zao miaka yote ile, akasema, "Asante."

Walikaa nasi mpaka sakafu ikakauka. Kisha mmoja mmoja wakainuka, wakajipangusa, wakamshika mama mkono, wakaondoka. Mama wa samaki alikuwa wa mwisho. Hakuuliza kitu.

Alikuwa hajafika hata mlangoni kwake mama alipochukua ufagio akaanza kufagia nyuma yao.